Nilifiwa, kanisani kwangu hawakuja. Nihame?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nasali kanisani kwangu mwaka wa sita sasa, niko kwaya na zaka natoa. Juzi nilifiwa na mama. Waliolala nasi matangani, wakateka maji na kupika, ni majirani wa madhehebu mengine. Wa kanisani walituma pole kwenye kundi la WhatsApp. Jumapili iliyofuata tukahubiriwa kuwa nje ya kanisa letu hakuna ushirika wa kweli. Nihame?

JIBU: Amina, dada yangu. Pole sana kwa msiba.

Tuanze na neno “ushirika” lenyewe. Mkulima wa kahawa akisema amepeleka mzigo ushirika, hakuna anayedhani alikwenda kuimba mapambio. Maandiko nayo yako karibu na mkulima huyo kuliko tunavyodhani. Luka 5:10 inawaita Yakobo na Yohana washirika wa Simoni, na ushirika wao hapo ulikuwa wa kuvua samaki. Kisha soma Warumi 15:26, Makedonia na Akaya walipowachangia maskini wa Yerusalemu. Pale Biblia yetu inaposema “changizo”, Kigiriki cha Paulo ni koinonia, neno lilelile ambalo Matendo 2:42 imelifasiri “ushirika”. Tena angalia nani alimpa nani: makanisa ya watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, wasiotahiriwa, yaliwatumia waumini Wayahudi fedha wakati ugomvi wa kama waumini wa mataifa ni lazima watahiriwe ulikuwa haujapoa.

Kwa hiyo majirani zako, kama wanamkiri Kristo, walikuwa katika ushirika nawe pale kwenye mafiga. Waefeso 4:3 inatutaka tujitahidi kuuhifadhi umoja wa Roho. Kinachohifadhiwa kipo tayari, na hakikuanzishwa na dhehebu lako wala langu. Sisemi mafundisho hayana uzito. Matendo 2:42 inataja fundisho la mitume kabla ya ushirika. Tofauti zetu juu ya ubatizo au Meza ya Bwana ni za kweli, na zijadiliwe kwa heshima. Ila mhubiri aliyesema vile alivuka mpaka.

Kuhama? Bado. Mathayo 18:15 inakutuma kwanza kwa ndugu aliyekukosa, wewe na yeye peke yenu. Mwendee mzee wa kanisa wa mtaa wako, umwambie wazi kwamba uliwangoja na hawakuja. Usiyaanike kwenye lile kundi. Kanisa likiwa kubwa, mara nyingi atumaye pole kwa simu ni mtu aliyedhani wenzake wameshafika. Hilo halimpi udhuru, lakini si sawa na kukudharau. Nawe jiulize, katika miaka hii sita umelala matanga mangapi ya wenzako? Sikulaumu, najua mazoezi ya kwaya yanavyokula jioni.

Mzee akikusikia, mwombe mpange zamu ya watu wa kufika msibani, kwa majina, siku ileile habari inapotoka. Akikupuuza, mrudie na shahidi mmoja au wawili. Wakikataa hapo pia, niandikie tena, tuzungumze habari ya kuhama.