Nitrati imegota kwenye rangi ya mwisho, tufanyeje?

SWALI: Salaam mtaalamu. Mimi ni fundi wa hoteli moja iliyo ufuoni Bamburi, na mojawapo ya kazi zangu ni tangi la samaki la mapokezi, lita 2,000, maji ya chumvi. Ndani kuna chewa wawili, mkunga mmoja, kikande watatu, kangaja wanne na vitatange wawili. Matumbawe hai hakuna. Kipimo cha nitrati kinagota kwenye rangi ya mwisho, miligramu 160 kwa lita. Kila wiki natoa asilimia 10 ya maji na kurudisha maji ya kisima niliyochanganya na chumvi ya pakiti, lakini rangi ni ileile. Maji yanayopungua kwa mvuke najazia ya kisima pia, kama lita 20 kwa siku. Chakula ni gramu 100 hivi kwa siku, dagaa, ngisi na kamba. Muuzaji ananiambia nitoe mipira ya plastiki kwenye chujio na ninunue bakteria wa chupa. Nifuate lipi?

JIBU: Ndugu yangu, hela ya chupa iache mfukoni kwanza. Bakteria wa kugeuza amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, unao tele. Ndio waliokufikisha hapo. Kazi yao inaishia kwenye nitrati, na tangi lako halina mlango wa kuitoa isipokuwa ndoo yako ya kila wiki.

Kwenye mipira muuzaji ana robo ya ukweli. Plastiki haitengenezi nitrati. Amonia ikishaingia majini itageuzwa tu, iwe juu ya plastiki, mawe au mchanga. Kinacholeta balaa ni uchafu unaonasa katikati ya mipira na kuoza polepole. Ioshe theluthi moja kwa wakati, kwa maji yaliyotoka tangini, na usiitoe yote kwa mpigo, maana samaki wakubwa namna hiyo wanaweza kuamka kwenye amonia. Sponji inayotangulia ioshe kila siku mbili au tatu.

Sasa tupime vizuri. Rangi ya mwisho haikwambii ni 160, inakwambia ni 160 au zaidi. Chukua mililita 1 ya maji ya tangi, ongeza mililita 9 za maji ya RO (yaliyochujwa kwa mashine hadi yakabaki matupu), pima, kisha zidisha jibu kwa 10. Chupa za dawa za kipimo zitikise hasa kabla ya kudondosha, kwa sababu unga hutuama chini na kipimo kikasoma pungufu. Soma pia karatasi ya kipimo: vingine vinatoa nitrati kamili, vingine vinatoa naitrojeni iliyomo ndani ya nitrati, na hapo inabidi uzidishe kwa 4.4.

Nakisia utapata kama 300, na sikisii hewani. Samaki mbichi ana protini kama asilimia 18, na asilimia 16 ya protini ni naitrojeni. Gramu 100 za dagaa na ngisi zinaingiza karibu gramu 2.9 za naitrojeni, ambazo zikigeuka zote ni gramu 12.8 za nitrati. Tuseme nusu inabaki kwenye miili ya samaki, inatoka na povu la skima (mashine inayokamata uchafu kwa povu la hewa) au unaifyonza na uchafu. Nusu inayobaki kwenye lita 2,000 ni nyongeza ya miligramu 3.2 kwa lita kila siku, yaani 22 kwa wiki.

Halafu kuna kisima, na hapa ndipo ninapokushuku zaidi. Visima vingi vya miji yetu ya pwani viko karibu na vyoo vya shimo na mashimo ya maji machafu, na nitrati hupenya ardhini bila kizuizi. Pima maji ya kisima peke yake, kabla ya chumvi. Yakisoma 50, ambacho ndicho kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa maji ya kunywa, basi lita 200 unazobadilisha zinarudisha miligramu 5 kwa lita kila wiki, na maji ya kujazia mvuke yanaongeza 3.5. Mvuke unaondoka peke yake, nitrati inabaki.

Jumla ni kama 30 kwa wiki. Kuna kanuni fupi ambayo wauzaji hawaisemi: gawanya ongezeko la wiki kwa sehemu ya maji unayobadilisha, na jibu ndicho kiwango ambacho tangi litatulia. 30 kwa 0.10 ni 300. Ungeendelea hivyo miaka kumi lingekaa palepale.

Ziba vyanzo kwanza. Chewa na mkunga hawahitaji kula kila siku, mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Kikande wape kidogo kila siku, kangaja wape mwani. Wageni watataka kuona samaki wakilishwa, najua, lakini kangaja anayechana kipande cha mwani anapendeza zaidi kuliko chewa anayemeza dagaa mara moja akarudi kujificha. Ukishuka hadi wastani wa gramu 50 kwa siku, ongezeko la chakula linakuwa 11 kwa wiki. Maji ya kujazia yawe ya RO.

Kwa maji ya kubadilisha, uko Bamburi, pakiti za chumvi za nini? Maji ya juu ya bahari yetu yana nitrati chini ya 1. Yachote maji yakiwa yamejaa kabisa, nje ya mwamba ikiwezekana, mbali na midomo ya Mtwapa, Tudor na Kilindini, na si baada ya mvua za masika. Usichote kwenye vidimbwi vya ufuoni maji yakiwa yamekupwa, kwani huko ndiko yanakochuruzika majitaka ya mahoteli, ya kwenu yakiwemo. Yachuje kwa kitambaa, yatie klorini, yazungushe kwa pampu usiku kucha, ivunje klorini kwa thiosulfeti ya sodiamu, na usiyatie tangini mpaka kipimo cha klorini kisome sifuri.

Kisha shusha kwa mabadiliko manne ya asilimia 40, kila moja likipishana na lingine siku tatu au nne. Kila mara ni lita 800, yaani madumu 40 ya lita 20, kwa hiyo tafuta pikapu yenye tangi badala ya kumuua mtu wa mkokoteni. Kwa hesabu tupu 300 inakuwa 180, 108, 65, halafu 39. Itasoma juu kidogo kwa sababu samaki wanaendelea kula. Linganisha chumvi na joto kabla ya kumimina, na pima amonia ya tangi kwanza. Maji yaliyochakaa huwa na pH ya chini, yaani yana asidi zaidi, na ya bahari yataipandisha. Kama kuna amonia iliyolala humo, pH ikipanda inageuka sumu kali. Ikisoma zaidi ya sifuri, ahirisha.

Baada ya hapo, ongezeko la 11 ukibadilisha asilimia 20 kila wiki litatulia kwenye 55 kabla ya kubadilisha. Kwa samaki bila matumbawe hiyo inavumilika, ila mimi ningependa ikae chini ya 50. Mlango wa kudumu ninaokupendekezea ni silinda ya salfa. Ni bomba lililozibwa, lenye lita 20 hivi za chengachenga za salfa kwa tangi la ukubwa wako, na maji yanapita ndani polepole sana. Oksijeni ikiisha humo, bakteria wanaokula salfa wanapumua kwa nitrati na kuiachia kama gesi ya naitrojeni. Maji yanayotoka huwa na asidi, kwa hiyo yapitishe kwenye changarawe ya matumbawe, kisha yaangukie karibu na skima yapate hewa.

Anza kwa matone. Yakitoka na nitriti, yanapita haraka mno. Yakinuka yai viza, yanapita polepole mno. Wiki za kwanza nitriti itapanda, usiguse kitu. Ikishuka na nitrati ikasoma karibu na sifuri kwenye mrija wa kutokea, ongeza mwendo kidogo kidogo.

Siki nyeupe nayo inafanya kazi, kwa kulisha bakteria ambao skima inawatoa na povu. Lakini inadai skima kubwa na mtu mmoja makini wa kupima kila asubuhi, na hotelini zamu hubadilika. Mtu akiimimina mara mbili, maji yanakuwa maziwa na samaki wanapanda juu kutafuta hewa. Mwani wa kufugwa chini ya taa kwenye tangi la chini ni mzuri kama nyongeza, ingawa kwa mzigo wako ungelazimika kuvuna kilo mbili hivi mbichi kila wiki.

Na umeme ukikatika saa kadhaa, usiwashe silinda ya salfa moja kwa moja. Mwaga kwanza maji yaliyolala ndani yake kwenye ndoo, uyapeleke chooni.