Mwanangu, kuhusu ile meikifaili uliyoniuliza

Mwanangu, meseji yako nimeiona, unauliza kama kuna haja ya kuandika meikifaili, lile faili la maelekezo linalosomwa na make ili ikukompailie, kwa vile viprogramu vyako vya kujaribia au uendelee kuchapa gcc, ile amri ya kukompaili, yaani kugeuza ulichoandika kiwe programu, kwa mkono kila mara. Mi nakwambia kwanza tazama saa ya kompyuta.

Ile kompyuta yetu ya Shangani, pale pembeni ya cherehani ya bibi. Msimu wa korosho, Oktoba 2009, kaka yako kaandika kiprogramu cha makato ya mkulima, asilimia tano, kaweka 5/100, na kwenye lugha ya C ukigawa namba kamili kwa namba kamili desimali inatupwa, makato yote sifuri. Nikamwonyesha. Umeme ukakatika, ukarudi, mara ananiita, mama nimesharekebisha ila bado sifuri. Nikamwambia muongo wewe, hujagusa kitu, tena mbele ya wenzake. Akalala bila kula.

Usiku nikapiga ls -l, ile amri ya kuonyesha mafaili na tarehe zake. Ndani ya faili lake kuna 5.0/100 kama alivyosema, ila tarehe yake Januari 2002! Betri ya mazabodi, ile inayotunza saa umeme ukizimika, ilishakufa, umeme ulivyokatika saa ikarudi nyuma, na make haisomi ulichoandika, inalinganisha tarehe tu, ikiona programu ni mpya kuliko sosi, yaani hicho ulichoandika, haikompaili. Na onyo ilitoa jamani, kwamba faili lina tarehe ya mbeleni, lilikuwa pale pale kwenye skrini wakati namfokea. Nikafuta programu ya zamani, nikaita make, makato yakatoka sawasawa.

Utasema basi si bora mkono, na kweli siku ile mkono ungetuokoa. Lakini Stuart Feldman kaandika make kwenye maabara ya Bell Labs mwaka 1976 baada ya mwenzake kupoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo keshalirekebisha, kasahau tu kukompaili. Si ndo mkono huo huo? Tazama saa kwanza, hapo sibadiliki.

Ukiandika, mstari wa amri uanze na Tab, ukiweka spesi itagoma. Shabaha, yaani jina la kazi unayoiagiza make, ukiiita test na kuna folda ya jina hilo, make itadhani kazi imeisha, iweke kwenye .PHONY, ile orodha ya shabaha zisizo mafaili. Mi ningekuwa wewe ningee... basi naacha, mashine ni yako.

Kaka yako akikusaidia usimtajie hiyo siku. Nitampigia mwenyewe.