Muulize Fundi: Nimefuta wakulima, faili la kwenye fleshi litaniokoa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Hombolo, natunza kumbukumbu za kikundi chetu cha wakulima wa zabibu, mkulima akileta mzigo tunapima, tunaingiza kilo na bei kwenye programu aliyotutengenezea kijana mmoja wa chuo, data inakaa kwenye MongoDB, programu ya databesi, ndani ya laptopu ya ofisi. Kijana kashamaliza chuo kaenda zake Mwanza, kaniachia fleshi yenye faili linaitwa zabibu.gz na kikaratasi "ukipata shida tumia mongorestore". Sasa juzi nilikuwa nafuta majina ya wakulima yaliyojirudia, nikafuta na ambayo hayajajirudia. Faili la kwenye fleshi ni la mwezi uliopita na tangu hapo tumepokea mizigo mingi tu. Naogopa hata kugusa.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mbukwenyi kwa wote hapo Hombolo. Uoga wako umekuokoa. Ungeuliza ovyo ovyo kuna mtu angekwambia kwenye hiyo mongorestore, komandi ya kurudisha bekapu, weka --drop, ungeweka, na mizigo ya mwezi mzima ingeenda na maji, maana --drop kazi yake ni kufuta koleksheni (kundi la rekodi, kama wakulima au mizigo) iliyopo kabla ya kuingiza ile ya kwenye faili, na faili lako linaijua mizigo ya mwezi uliopita tu.

Kwa hiyo kwanza kabisa chukua bekapu ya hali ilivyo sasa hivi, mbovu hivyo hivyo, ili hata tukikosea tuwe na pa kurudi, fungua terminali, lile dirisha la kuandika komandi, upige:

mongodump --db=zabibu --gzip --archive=zabibu-leo.gz

Kama databesi ina paswadi ongeza --username=jinalako na --authenticationDatabase=admin, ila paswadi yenyewe usiiandike, iache itakuuliza, maana ukiiandika kwenye komandi inabaki kwenye historia ya terminali na atakayekaa kwenye hiyo laptopu baada yako anaiona kirahisi tu. Ikimaliza piga ls -lh uone faili lina ukubwa wa maana, sio sifuri.

Sasa lile la fleshi. Usilimwage moja kwa moja kwenye databesi ya kazi, lifungulie pembeni kwa jina lingine, na hapa ndo naipendea mongorestore:

mongorestore --gzip --archive=zabibu.gz --nsFrom="zabibu.*" --nsTo="zabibu_jaribio.*"

Maana yake kila kilichoitwa zabibu ndani ya faili kikitoka kiitwe zabibu_jaribio, databesi yako halisi haiguswi hata kidogo. Alama za nukuu usiziache, ile nyota bila nukuu terminali inaweza kuitafsiri vingine. Afu ikifika asilimia 100 inaweza ikakaa kimya kama imeganda, hapo inajenga upya indeksi (orodha za kuharakisha utafutaji) baada ya data kuingia, we tulia, usibonyeze Ctrl+C. Ikimaliza na terminali ikikubali komandi nyingine, hesabu kwa mongosh, komandi ya kuongea na databesi:

mongosh zabibu_jaribio --eval "db.wakulima.countDocuments()"

Rudia hiyo hiyo kwa zabibu yenyewe. Tuseme pembeni wapo 412 na kwenye kazi wamebaki 377, basi angalau umeshajua unatafuta watu wangapi. Nimeandika wakulima kwa kukisia, kama kijana aliipa koleksheni jina lingine weka db.getCollectionNames() ndani ya zile nukuu za --eval utaliona.

Hesabu ikikuridhisha, rudisha wakulima peke yao kwenye databesi ya kazi, na narudia, bila --drop:

mongorestore --gzip --archive=zabibu.gz --nsInclude="zabibu.wakulima"

Utaona mistari kibao imeandikwa E11000, usishtuke, wala usinipigie mtu wa Mwanza usiku. Mongorestore inaingiza tu, haibadilishi kilichopo, kwa hiyo mkulima ambaye bado yupo inamkuta, inalalamika, inamruka, na yule uliyemfuta anaingia na _id yake, yaani namba ya utambulisho, ile ile ya zamani. Hiyo _id ndo sababu sikutaka uwaandike upya kwa mkono, maana kwa kawaida programu za hivi kila mzigo unamtambua mwenyewe kwa _id, ukimsajili upya anapewa nyingine na zile kilo zake zinabaki yatima, jina lipo, mzigo upo, havijuani.

Kuna mawili yatakukera lakini. La kwanza, yale majina yaliyojirudia uliyoyafuta kwa haki nayo yatarudi, faili halijui ulikusudia nini, itabidi uyafute tena na safari hii mmoja mmoja. La pili, mkulima aliyesajiliwa mwezi huu halafu ukamfuta, huyo kwenye fleshi hayupo. Tafuta mzigo wake, mle ndani utakuta namba ya mwenye mzigo, umwingize kwa mongosh ukimpa hiyo hiyo kama _id yake. Wakiwa wawili watatu ni kazi ya nusu saa, na kama mnaandika pia kwenye daftari la mizani, jina na simu utavitoa humo.

Ukishapona, tafadhali usirudi kutegemea fleshi ya mwezi uliopita. Piga crontab -e, inafungua orodha ya kazi ambazo kompyuta inazifanya yenyewe kwa saa, uweke mstari huu:

0 20 * * * mongodump --db=zabibu --gzip --archive=/home/ofisi/bekapu/zabibu-$(date +\%F).gz

Hiyo 20 ni saa mbili usiku, nimeichagua kwa sababu mizani imeshafungwa na hakuna anayeingiza kitu, maana mongodump ikipita wakati watu wanaandika unaweza kupata mzigo uliosajiliwa katikati, nusu kwenye faili nusu nje. Laptopu iwe inawaka muda huo na folda ya bekapu uwe umeshaitengeneza. Kama kuna paswadi iweke kwenye faili dogo la --config na ulifungie kwa chmod 600 ili mwenyewe tu alisome.

Na hicho kimstari kilicholala mbele ya %F msikidharau. Mi kimeshanitoa jasho. Niliwawekea duka moja la pembejeo hapa mjini bekapu ya kila usiku, komandi nimeijaribu kwenye terminali inapita safi, nikaibandika kwenye crontab nikalipwa nikaondoka kifua mbele. Wiki tatu baadae diski inakufa, naitwa, nafungua folda, tupu, hata faili moja hamna. Kumbe kwenye crontab alama ya asilimia inahesabika kama mwisho wa mstari, komandi ilikuwa inakatwa hapo kila usiku, na ujumbe wa kosa unaenda kwenye sanduku la barua la seva ambalo hakuna anayelifungua. Tulikaa na risiti za karatasi siku nne tunaingiza upya, na pesa niliirudisha. Tangu siku hiyo nikiweka kroni kesho yake asubuhi nakwenda kuangalia folda kwa macho yangu, na hata wewe nakuomba kesho uende, afu faili moja ulikopi nje ya hiyo laptopu, kwenye fleshi ambayo haikai droo moja nayo.

SWALI: Fundi mi niko Kibaigwa, nauza mahindi, kila Jumamosi natoa data yangu kwa mongoexport kwenda CSV naifungua kwenye Excel. Si bekapu tosha hiyo?

JIBU: Hapana kaka, hiyo ni ripoti. CSV ni maandishi matupu, tarehe inageuka kuwa maneno, namba ya desimali haijui tena kama ilikuwa desimali, indeksi haziendi, na kwenye CSV zinatoka zile sehemu ulizozitaja tu, kwa hiyo kama mwezi wa pili uliongeza sehemu ya "unyevu" na hukuitaja, haipo humo. Mongodump inatoa BSON, umbo lile lile databesi inalotumia, pamoja na maelezo ya indeksi. Endelea na Excel yako kwa ajili ya kupiga hesabu za gunia, ila bekapu chukua kwa mongodump.

SWALI: Habari fundi, nasoma UDOM. Nimesakinisha MongoDB mpya, seva inawaka vizuri ila nikiandika mongodump inaniambia hakuna komandi hiyo. Nikaona isiwe tabu, nikakopi folda nzima ya /var/lib/mongodb seva ikiwa inawaka. Nimekosea?

JIBU: Salama. Kuanzia toleo la 4.4 hizo zana zilitengwa na seva, zinakuja kwenye kifurushi chake, kama Ubuntu yako imeshaunganishwa na hazina (repo) ya programu za MongoDB piga sudo apt install mongodb-database-tools basi. Namba zake zinaanzia 100, usidhani umekosea toleo.

Hiyo kopi yako usiitegemee, seva ilikuwa inaandika huku we unakopi. Ukitaka njia ya folda, zima kwanza kwa sudo systemctl stop mongod, kopi, washa. Siku ya kurudisha rudisha na umiliki, chown -R mongodb:mongodb, la sivyo seva itagoma kuwaka na utahangaika na logi hadi alfajiri kwa kosa la ruhusa tu.