Mama hajui kuogelea, mazoezi ya maji yatamfaa kweli?

SWALI: Habari dada, nakusoma kutoka Bombo. Mama yangu ana miaka sitini na kitu, magoti yote mawili yanamsumbua, daktari kasema ni mifupa kusagika, akamshauri mazoezi ndani ya maji. Sasa mama hajui kuogelea na anaogopa, anasema bora tumpeleke Kitagata akakae kwenye maji moto kama wenzake, basi yaishe. Na zile nguo za kuogelea hataki hata kuziona. Tufanyeje?

JIBU: Mtoe mama wasiwasi, huku hakuna kuogelea. Anasimama upande wa kina kifupi, miguu iko chini, mkono umeshika ukingo, basi. Maji yakimfika kiunoni magoti yanabeba kama nusu tu ya uzito wake, yakifika kifuani ni kama theluthi hivi, ndio maana mtu ambaye ngazi tatu zinamliza anaweza kutembea humo nusu saa na asilalamike. Halafu maji hayohayo yanamkinza akisukuma mguu, misuli ya paja inafanya kazi, na hiyo misuli ndio inashikilia goti.

Kitagata sina ugomvi nayo, watu wanaenda pale Sheema tangu enzi za mababu na joto kweli linalegeza mwili, ila kukaa tu ndani ya maji siyo mazoezi, akirudi Bombo misuli ni ileile. Na kama ana kisukari na nyayo zimekufa ganzi awe makini sana, maji ya pale mengine yanaunguza na yeye hatasikia.

Aanze na kutembea mbele, kinyumenyume, kiupandeupande, kisha ashike ukingo akunje goti na kulinyoosha, mara mbili tatu kwa wiki. Bwawa la tiba huwa nyuzi 33 mpaka 36, yetu mengi ya hotelini hayapashwi moto, kwa hiyo nendeni mchana jua likiwa limeshayapasha, siyo saa moja asubuhi mkamgandisha mama wa watu. Nguo ni leggings na fulana ndefu ya kitambaa chepesi kisichonyonya maji, pigeni simu kwanza muulize kama wanaruhusu na kama kuna saa za akina mama peke yao.

Msitegemee miujiza lakini. Mwaka 2016 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, walichambua majaribio 13 ya mazoezi ya maji kwa wenye magoti na nyonga zilizosagika, yenye watu 1,190, maumivu yanapungua kidogo, na kwa muda mfupi. Mimi naona hicho kidogo kinatosha kumwezesha kutembea, na akitembea na mengine yanafuata. Ila goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, au ana homa, kidonda au shida ya moyo, daktari kwanza, maji baadaye.

SWALI: Mimi ni wa boda hapa Jinja, mgongo umekwisha. Bwawa ni pesa, ziwa liko hapo bure, si nitumie ziwa?

JIBU: Hapana kaka. Ziwa Victoria lina kichocho, wale wengi wanaita bilhazia, vijidudu vinatoka kwa konokono vinapenya ngozi bila wewe kusikia, na ukisimama maji ya kifua pale kwenye majani ufukweni ndio umevifuata nyumbani kwao. Mgongo wako uonwe na fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, wa hospitali ya serikali, mazoezi ya sakafuni hayana tiketi. Na kama umeshaingia ziwani mara nyingi kapime, dawa ipo, inaitwa prazikwanteli.