Re: Longonot kwa siku moja na mama

Habari ndugu. Umeuliza kama mama, ambaye hajazoea kupanda, atafika kilele cha Mlima Longonot, Kenya, na kurudi siku hiyohiyo. Inawezekana, ila kagua viatu vyake kwanza. Njia ni majivu ya volkano: ukikanyaga, mguu unarudi nyuma, na vumbi linaingia hadi ndani ya soksi.

Kutoka geti la hifadhi hadi ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la volkano, ni kama kilomita 3. Kilele, mita 2,776, kiko upande wa pili. Kuzunguka ukingo wote ni kilomita 7 hivi, kivuli hakuna. Mimi nilianza saa nne na lita moja ya maji, yakaniishia kabla ya kilele. Anzeni saa moja asubuhi, lita tatu kila mtu. Mama akichoka ukingoni, kaeni hapo muutazame ule msitu ulio ndani ya kreta, kisha mteremke naye polepole.