Subaru yangu inakwangua kila tuta, niweke springi za hewa?

SWALI: Kaka mambo, mi nina Impreza WRX STI, nimeishusha kwa springi fupi sasa kila tuta inakwangua, mtaani wananicheka. Fundi anasema niweke za hewa, je sitapoteza ule mshiko wa kwenye kona? Msomaji, Dar

JIBU: Poa mdogo wangu. Matuta ya kwetu tunayajua, hapo hewa itakusaidia kweli, unabonyeza swichi gari inanyanyuka, unapita, unaishusha tena. Mshiko unategemea zaidi shokamzoba zinazokuja na hizo puto (ndizo springi zenyewe za hewa), chukua zile unazoweza kurekebisha ugumu, ila ujue kompresa na tangi la hewa vinaongeza kilo kwenye buti, na kama unaenda kwenye mashindano mi ningebaki na koilova tu (springi ya chuma na shokamzoba kwa pamoja, unarekebisha kimo kwa mkono).

Kinachoharibu mara nyingi ni ufungaji. Puto isiguse tairi wala chasisi hata kidogo, kata usukani mpaka mwisho gari ikiwa chini kabisa uangalie, maana ikisuguana inatoboka na hapo breakdown itakuhusu. Waya wa kompresa uwe mnene, upite kwenye fyuzi na rilei (swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa). Mipira ya kupitishia hewa ikatwe kwa kisu kikali, siyo mkasi (nimeyaona haya jamani!), halafu kila maungio paka maji ya sabuni uone kama kuna mapovu. Alaimenti (kunyoosha matairi) ipigwe gari ikiwa kwenye kimo unachoendeshea, siyo ikiwa imelala. Na kwa unyevu wa Dar, tangi litoe maji mara kwa mara, wengi wanasahau kisha wanalaumu vali.