Mgongo mwaka wa pili sasa: nichuliwe, niumikwe au nichanjwe chale?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 46, nipo Hombolo nalima zabibu. Mgongo wa chini unanitesa mwaka wa pili huu, asubuhi kuinuka kitandani mpaka nishike ukuta. Hospitali walinipiga eksirei wakasema mifupa iko sawa, wakanipa diklofenaki, nikimeza napata nafuu, zikiisha narudi palepale. Kuna bibi hapa kijijini ananichua, nalala vizuri siku mbili tatu. Mdogo wangu anasema niende mjini nikaumikwe, yaani nivutwe damu kwa vikombe, jirani anasema chale, na mnadani kuna mtu anauza dawa ya chupa anadai inamaliza mgongo kabisa. Mkanda nao nishanunua. Nishike lipi? Hela yenyewe ni ya kuungaunga.

JIBU: Mbukwenyi mama, na pole sana. Kwanza, kuambiwa eksirei iko sawa sio kwamba unajifanyisha. Eksirei inaonyesha mifupa, msuli uliochoka haionyeshi. Nalisema hili mapema maana kinamama wengi wakirudi na jibu kama hilo wanaitwa wavivu, inaniuma sana.

Huyo bibi endelea naye. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu ya mgongo wa chini yaliyozidi miezi mitatu, na kuchua kumo, sindano za Kichina zile za akyupancha zimo, mazoezi yamo. Ushahidi wa kuchua sio mzito sana lakini hakuna madhara makubwa kukifanywa kwa upole, kwahiyo mwambie achue nyama za pembeni, asikandamize pingili zenyewe, na wewe usikubali mtu akupande mgongoni. Akyupancha ukiipata karibu sawa, ila usiuze mbuzi kwa ajili yake. Mkanda huo mwongozo hauushauri kama tiba, uweke tu kabatini.

Ila sasa hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Zile siku mbili tatu unazolala vizuri baada ya kuchuliwa unazifanyia nini? Nahisi unakimbilia shamba kufidia kazi iliyolala, halafu mgongo unakaza tena. Hizo siku ndo za kuanzia mazoezi, maana maumivu yamepungua na mwili unakubali. Tandika mkeka, lala chali ukunje magoti, inua kiuno taratibu, hesabu mpaka tano, shusha, rudia mara kumi. Halafu vuta goti moja kifuani, badilisha. Jioni tembea dakika kumi bila mzigo, wiki ijayo kumi na tano. Itauma kidogo mwanzoni, hiyo isikutishe. Na shambani usiiname kwenye palizi saa tatu mfululizo, kila nusu saa badilisha kazi, nenda kapogoe umesimama halafu ndo urudi. Maji ya ndoo ya lita 20 yagawe kwenye madumu mawili ya lita kumi, moja kila mkono. Usiku kanda kwa maji ya moto au chumvi iliyopashwa kwenye kitambaa, haina gharama.

Kuumikwa wapo wanaopata nafuu ya muda mfupi, tafiti zake bado dhaifu. Ukiamua kwenda basi vifaa viwe visafi na wembe ufunguliwe mbele ya macho yako. Chale hapana mama, hapo sibembelezi. Wembe ukishapita kwa watu wawili ni homa ya ini B, ni VVU, na kwa mgongo hazina msaada wowote ninaoujua.

Dawa ya chupa nayo iache. Mimi sidharau tiba asili, nchi hii ina sheria yake tangu 2002 na baraza linalosajili waganga, kwahiyo muulize huyo muuzaji cheti chake cha usajili. Dawa za namna hii nyingine zimewahi kukutwa zimechanganywa kimyakimya na dawa za hospitali za maumivu, sasa wewe ukimeza na diklofenaki juu yake ni vidonda vya tumbo na figo. Na hiyo diklofenaki yenyewe usiimeze miezi na miezi bila daktari kujua.

Ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kinatoka chenyewe, au mguu unalegea, nenda hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda nako nenda, inaweza kuwa TB ya uti wa mgongo. Na kama nyumbani mnakunywa maziwa mabichi mwambie daktari akupime brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, kwa huku kwetu kwenye ng'ombe ni rahisi kuisahau.

Jaribu hivyo wiki sita halafu uniandikie tena kama asubuhi bado unashika ukuta.